Mbwa Mwenye Jina la Babu

Tukuyu, 9 Machi 2025

Shikamoo Babu,

Nitakueleza yote bila kuficha. Yule mbwa wa kigeni mwenye manyoya marefu, aliyeachwa na meneja uliyemlindia nyumba kule kwenye mashamba ya chai, yuko kituo cha mbwa hapa mjini. Hapo hawaui mbwa, wanawatafutia nyumba. Sisi tunamtaka, ila kwanza kila mtu wa nyumbani kwetu lazima amwite mbwa, naye aje. Mimi nilimwita, akaja. Mama hakumwita, kwani meneja alimpa mbwa jina lako, naye hajui jingine.

"Jina la baba mkwe silitamki," alisema.

"Basi piga mluzi, mama!" dada Doreen wa kituo akacheka.

Mama akapiga. Mbwa hakuinua hata sikio.

Jumamosi atapewa mtu mwingine. Lakini Mama amekwisha kumshonea tandiko. Babu, utamruhusu Mama alitamke jina lako?

Mjukuu wako,
Atupokile