Dawa ya Goti la Mutua

Mutua mwanangu,

Dawa ya goti iliyobaki kwenye thamosi usiinywe, imwage. ~~Mwende hana adabu.~~ Mwanao Mwende alisema kweli, majani yale si ya dawa. Asubuhi alipomwaga sufuria yangu nilimfokea vibaya. Jirani alinielekeza majani ya mti wa huku ugenini uitwao ash, ati hutuliza viungo, nami nikachuma yaliyofanana na mwarobaini wetu, nikayaamini kama ndugu. Nimerudi kuutazama mti ule: una vitunda vya mviringo, vyenye sumu. Majani ya ash hukaa mawili mawili yakitazamana, na kila mbegu ina bawa.

Nimeenda mtaa wa Quakers Hill kuutafuta ash wenyewe. Sirudi mikono mitupu.

Mwende, nitakuletea tawi zima. Sichemshi kitu mpaka wewe useme ndio. Ila sufuria utaisugua.

Nyanya