Risasi Zilizovishwa Karatasi

Crescent Town,
Toronto, Kanada.
12 Aprili 2009

Mpendwa Dada Rehmat,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umeshapona kile kikohozi, na kwamba mvua za Moshi zimeanza kwa adabu mwaka huu. Na magoti je? Sisi huku ni wazima. Theluji imekwisha, isipokuwa ile chafu iliyorundikwa pembeni mwa maegesho ya magari.

Binti yangu Masuma amepata kazi katika ofisi moja huko Don Mills. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini nikimtuma kitu hakosei.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza. Kaka Nazarali alipopasuliwa bega mwaka jana, ulinipigia simu ukataka nimshawishi auze bunduki yake ya kuwindia. Nilikwenda kwake nikiwa nimeyapanga maneno. Nilimkuta mezani, mbele yake kipande cha madini ya risasi na mkasi. Akaniambia, "Umekuja wakati mzuri. Shika hapa." Nikashika. Ujumbe wako ukaishia hapo, nami nikawa msaidizi wake.

Daktari alikuwa amemkataza risasi za dukani, kwa kuwa bunduki ikilia humsukuma begani kwa nguvu. Kaka akasoma mahali kwamba risasi za kumiminwa nyumbani, zikitiwa baruti kidogo, husukuma kwa upole. Shida yake ni kwamba madini yenyewe ni laini, hugandamana ndani ya mtutu. Dawa ni kuivisha kila risasi karatasi. Unailowesha karatasi, unaizungushia risasi mara mbili, inakauka ikibana, kisha unaipaka nta. Ikitoka mtutuni karatasi hupasuka, risasi ikaendelea na safari yake.

Wifi yako Sughra alikataa katakata moshi wa risasi jikoni mwake. Kwa hiyo kuyeyusha tulifanyia Pickering, kwenye gereji ya Félicien. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu aliyefanya kazi kiwandani pamoja na Kaka, na kila Novemba huwinda naye. Karatasi, hata hivyo, alizitoa wifi yako, zile nyembamba za barua za ndege alizokuja nazo miaka hiyo.

Za kwanza zilichanika zote vidoleni mwangu. Baadaye nikazoea.

Oktoba tukaenda uwanja wa shabaha, sisi watatu. Bega halikulalamika hata kidogo. Lakini matundu yalitawanyika kwenye shabaha kama mtu aliyerusha konzi ya choroko. Kaka akasema karatasi ni nene. Tukabadilisha. Tuliporudi tena akasema nta imezidi, tukapunguza. Halafu akalaumu kalibu ya kumiminia, halafu upepo. Msimu wa kuwinda ulikuwa unakaribia, na unaijua kanuni yake: mtu asiyeiamini risasi yake haingii porini, maana mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia kufia vichakani ni dhambi shingoni mwako.

Mwishowe Félicien akasema, "Mzee, unipatie bunduki, na mimi nijaribu."

Alipiga tano, katika zile zile tulizozivisha pamoja. Tukaenda kuangalia. Matundu yote ungeyafunika kwa kisosi.

Félicien hakufurahi. Aliikunja ile shabaha, akaikunjua tena, akasema taratibu, "Mzee, masasi yako iko muzuri. Haina kosa."

Tuliporudi pale pa kupigia, Kaka akaugeukia ubao wa shabaha. Kisha akaniuliza, "Ile namba juu ya ubao, wewe unaisoma?"

"Saba," nikamwambia.

"Mimi naona ukungu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya bega."

Dada, ni yeye aliyekuwa ametuendesha kwenda huko, kwa barabara kuu, na kila Ijumaa ndiye aliyekuwa akiwapeleka wajukuu msikitini. Niliyawaza hayo nikiwa nimesimama pale, sikuyasema. Naye hakuningoja. Alitoa ufunguo wa gari mfukoni akaniwekea kiganjani. "Endesha wewe." Unamjua Kaka. Tangu apate leseni alikuwa hajawahi kukaa kiti cha abiria ndani ya gari lake mwenyewe.

Njia nzima alitazama mbele. Tulipofika nyumbani yeye mwenyewe alimwambia wifi yako habari ya macho, akiwa bado na koti mwilini. Mimi nilitoka nikawaacha.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Novemba Kaka hakwenda porini. Félicien alikwenda bila yeye, akarudi mikono mitupu, akasema baridi ilikuwa mbaya na hapakuwa na mtu wa kubishana naye.

Jicho la kulia lilipasuliwa Februari. La kushoto linangoja zamu. Bunduki imo kabatini, imefungwa kwa kufuli. Kama bado unataka iuzwe, mwambie mwenyewe. Mimi kazi hiyo imenishinda.

Siku aliyofunguliwa bandeji nilikuwapo. Alimtazama wifi yako muda mrefu, mpaka muuguzi akauliza kama kuna tatizo.

"Sughra, umekonda," Kaka akasema. "Tangu lini?"

"Tangu ulipopita taa nyekundu, watoto wakiwa kiti cha nyuma."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema taa ndiyo mbovu."

Machozi yakamtoka Kaka. Muuguzi alikuwa amemkataza kuligusa jicho, kwa hiyo akayaacha yatiririke mpaka kwenye ukosi wa shati, na wifi yako akamshika mkono.

Nisalimie shemeji Madatali, na Mehdi na mkewe, na jirani yako yeyote anayenikumbuka bado. Mwenyezi Mungu akulindie afya yako, na nyumba yako isikose wageni wala chakula cha kuwapa.

Mimi ni mdogo wako, akupendaye siku zote,

Roshanali