Papa Sylvestre Kyungu na Habari Alizokata Gazetini

Mwaka umetimia, Papa Sylvestre, tangu tulipokusindikiza makaburini Evere, huku ugenini, mvua ya Novemba 2015 ikitunyeshea. Mke wako, Maman Antoinette, ametuomba sisi watoto tukuandikie, na tusikufiche lolote, hata linalomhusu yeye.

Kwa miaka kumi na minne ulisafisha ofisi za Etterbeek, na kila jioni ulirudi na magazeti yaliyoachwa mezani. Ulitafuta habari za watu wasiojulikana: mjane wa Liège aliyejifunza kuogelea akiwa na miaka sitini, dereva wa lori aliyepatana na kaka yake baada ya kununiana miaka ishirini. Ulizikata kwa mkasi, ukaandika funzo pembeni, kisha ukampa mtu uliyeona zinamfaa. Binti yako Graciella alipofeli mtihani, ulimpa habari ya yule mjane. Mjomba wetu, Tonton Rigobert, ulimpa ya yule dereva, na wiki hiyohiyo akampigia simu kaka yake huko nyumbani Likasi.

Maman hakupewa hata moja. Hilo lilimuuma. Lililomuuma zaidi ni kwamba kila Jumamosi ulikwenda mkahawani Flagey kumsomea Mathilde, mama wa Bukavu anayetunza wazee, ambaye alikuwa bado anajifunza kusoma.

Jumamosi moja mwaka 2012, Maman alipanda basi akakufuata. Alikuta mmekaa mkahawani, Mathilde anacheka. Hakusalimia. Alivuta kiti akakaa katikati yenu.

"Bon, endelea kusoma," alisema. "Na miye nisikie ile inamuchekesha."

Ulisoma mpaka mwisho bila kubadili sauti.

Wivu ule haukumtoka. Hata ulipolazwa, Mathilde alipoleta supu, Maman aliipokea mlangoni na hakumruhusu aingie kukuona. Hilo analijutia, na anataka ulijue.

Matanga yalipokwisha, Mathilde alikuja nyumbani na bahasha yenye vipande vyote ulivyompa. Maman aliimwaga mezani. Alikuwa anatafuta barua ya mapenzi, mwenyewe amekiri. Akakuta habari ya mwanamke aliyerudi shuleni na wajukuu, na pembeni mwandiko wako: "Aibu ya siku moja ni afazali kuliko ujinga ya miaka yote."

Alisoma mara mbili. "Lakini hii ni maneno yangu," akasema.

Mathilde alimshangaa. "Maman, haukujua? Kila mara alikuwa anaanza: 'Nilisomea Antoinette hii habari, alikuwa anapika, na yeye akasema hivi.' Donc miye ndiye nilikuwa nakuonea weye wivu. Maneno yangu, hakuna muntu aliyaandika hata siku moja."

Maman alipitia vipande vyote, kimoja kimoja. Alikumbuka kunung'unika kwake jikoni, akikaanga samaki, akidhani humsikilizi. Kisha akainuka, akamtengea Mathilde sahani ya ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo. Walikula pamoja.

Wanaokukumbuka ni mke wako Antoinette. Watoto wako Kabeya, Graciella na Éliézer. Shemeji yako Rigobert. Wajukuu wako Larissa na Mignonne.

Na Mathilde. Jina lake limewekwa na Maman mwenyewe, chini kabisa, baada ya wajukuu, na amekataa tulipandishe.

Hatutakusahau, Papa, siku zote tutakazoishi.