Nargisi za Mama Zimetoa Majani Matupu

Hillegom, 14 Aprili

Mwanangu Hanneke,

Hamjambo huko Kanada? Mimi nipo, ila kifua. Kaka yako Wouter kaniambia jana nyumba yetu imeuzwa. Funguo zatolewa Julai mosi. Anataka vitunguu vya maua ya nargisi ya marehemu mama yako vitupwe, kwa kuwa mwaka wa tatu huu havitoi ua. Nargisi hiyo mama yako aliiotesha mwenyewe kwa mbegu. Haipo kwingine.

Baba yako

Guelph, 22 Aprili

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Daktari anasemaje? Na wewe umelima maua maisha yako yote, usiniambie hujui vina nini. Vimeoza?

Binti yako

Hillegom, 1 Mei

Mwanangu,

Daktari anasema kifua hiki hakitapona. Tuliache hilo.

Vitunguu ni vizima, ila vina njaa. Ua likinyauka, majani yaachwe mpaka yageuke manjano na kulala yenyewe. Ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa mwaka ujao. Wouter huyapitishia mashine ya nyasi yangali mabichi, ati majirani watatuona wachafu. Mwaka huu bado hajakata.

Baba yako

Guelph, 8 Mei

Baba, pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili.

Lakini miaka mitatu unamtazama tu? Wewe uliyekuwa ukifokea kijiji kizima?

Binti yako

Hillegom, 15 Mei

Mwanangu,

Ningemwambia, angeona namlaumu. Ndiye peke yake anayekuja. Jumapili anakata nyasi, kisha tunakunywa kahawa. Niliichagua kahawa.

Baba yako

Guelph, 22 Mei

Baba yangu, shikamoo.

Neno lako limenifika. Nimempigia Wouter. Akasema, "Mimi mtu wa bima, Hanneke, si mchawi. Mzee angefungua mdomo." Jioni akapiga tena: ameshazungushia tuta kamba.

Binti yako

Hillegom, 2 Juni

Mwanangu,

Majani yameanza kuwa manjano. Vikishang'olewa, vitenganisheni, maana vimesongamana; vikausheni kivulini, mvipande Septemba kwa Wouter. Huenda visichanue mwakani. Mimi sitaviona. Kung'oa nataka kuona.

Baba yako

Guelph, 9 Juni

Baba, shikamoo.

Nafika Ijumaa, tarehe 19. Wouter atanipokea uwanjani. Tutang'oa Jumamosi asubuhi, kahawa kwanza.

Binti yako, Hanneke