Maji Chini ya Nyasi za Tlawi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu hajambo, na ng'ombe amezaa. Unauliza kama reli ya abiria mnayoipima huko kazini ikate bonde la maji au izunguke.

Nikuungamie jambo. Nikiwa msichana mwenye haya, niliwatafsiria wapimaji wa barabara waliokuja hapa Tlawi kiangazi. Walipouliza kama barabara ipite bondeni, mama mmoja mzee akasema kwa Kiiraqw, lugha yetu, "Chini ya nyasi hizi kuna maji ya ng'ombe wetu." Mpimaji alikuwa na haraka, nikamwambia, "Amekubali."

Kumbe mama yule alijua Kiswahili kidogo. "We mtoto, nimekubali lini?" Akachomeka fimbo yake ardhini, ikatoka na tope. Kisha akanishika mkono, akarudia polepole, nami nikamfikishia mpimaji maneno yake yote. Barabara ikazunguka.

Mzee yule hakunisema kwa mama yangu. Namshukuru mpaka leo.

Bibi yako