Mzee Kwani Kwenye Kiti cha Kinyozi

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Kikohozi chako je?

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, kidevu nusu kimenyolewa, fundi viatu akatusomea hadithi yako gazetini. Mzee Kwani anambana muuza nyama aseme haki ni nini, foleni inafika barabarani. Nilicheka mpaka machozi. Halafu mkewe anafunga sanduku, anasema naondoka, na Mzee Kwani anauliza, "Kwani kuondoka ni nini?" Anajibishana peke yake, akipata jibu, gari limeshapinda kona.

Wote wakanitazama. Mtaa mzima niliuambia mama yako kaenda kumuuguza dada yake. Siku ile alipoondoka ulikuwepo wewe tu. Nikatoka na ndevu upande mmoja. Uso nitauweka wapi?

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Kikohozi kimepona. Goti usilipuuze.

Naona aibu hata kukuamkia. Nilidhani kubadilisha jina kunatosha. Kuchekesha nimejifunza kwako, darasani, ulipotusimulia Sokrate alivyomuuliza jemadari ushujaa ni nini mpaka jemadari akaanza kujikanyaga. Nikaona hadithi ya kuchekesha ndiyo hiyo hiyo: mjuaji, kiswali kidogo, kisha anaumbuka. Ila Sokrate alikiri kwamba hata yeye hajui. Mimi nimekuumbua wewe, mwenyewe nikajificha nyuma ya gazeti. Nimemwambia mhariri Mzee Kwani basi. Nisamehe.

Binti yako

2 Aprili

Shikamoo baba,

Unakula vizuri? Hata ukinitukana nitashukuru, ilimradi uandike.

Binti yako

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ya kwanza na ya pili. Goti halijambo.

Nilinuna, sikufichi. Nikawa nanyolewa mtaa wa pili, kama mwizi. Wayunani walipomwigiza Sokrate jukwaani wamcheke, inasemekana alisimama katikati ya watazamaji ili wageni wamwone vizuri. Miaka yote nimefundisha kisa hicho nikiwa nimekaa.

Jana nimerudi kwa kinyozi wetu. Nikasimama, nikasema, "Mzee Kwani ni mimi. Mke wangu hamuuguzi mtu. Alinichoka."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi akaniuliza taratibu, "Mwalimu, ulikuwa unampenda?"

Ulimi ukataka kuuliza kupenda ni nini. Nikaona haya. Nikasema ndiyo, nikakaa.

Nitumie anwani ya mama yako.

Baba yako