Kamba za Chelezo Ninazo Mimi

Jefwa mwanangu, na mkeo Mbeyu,

Someni polepole, mimi mwanafunzi wa darasa la ngumbaru nami nimeandika polepole.

Chai iko kwenye chupa. Kuku wameshakula. Watoto wavae kofia.

Alfajiri nilipokuwa nasali nilisikia mkinong'ona: "Safari ya leo Mama abaki nyumbani, magoti yake hayawezi chelezo wala vilima vya Marafa." Jamani, nilifumba macho, sikuziba masikio! Niliumia. Lakini Mungu akanikumbusha nani alivuka mto Sabaki kwa chelezo cha migomba kabla wewe, Jefwa, hujazaliwa.

~~Nendeni salama, nitalinda nyumba.~~

Nimetangulia mtoni kwa basi la kwanza. Kamba zote za chelezo ninazo mimi, na mafundo nitayafunga mwenyewe. Vilima pandeni ninyi, nitawaombea nikiwa chini. Ila asiyenitaka chelezoni, na aogelee.

Mama